Kalamu ya Nyumba Moja: Vizazi Vitatu vya Kuandika na Kuzuiliwa

Katika taarikh ya mwambao wetu tumezoea kuhesabu majahazi, majumba, vita na wafalme. Mara chache tumehesabu vitabu. Na mara chache zaidi tumeuliza ni maandishi gani yaliyozuiliwa yasifike mikononi mwa watu, nani aliyeyazuia, na kwa njia gani. Makala haya yatajaribu kulijibu suala hilo kwa kuifuata nyumba moja tu, nyumba ya wanavyuoni wa Kimazrui wa Mombasa: babu aliyetiwa gerezani katika zama za Sayyid Barghash, mwanawe aliyetoa gazeti katika miaka ya 1930, na mjukuu aliyetengeneza filamu ya televisheni akiwa Marekani mwaka 1986.

Nyumba hii haikuchaguliwa kwa kuwa wengine hawakupatwa na misukosuko kama hiyo. Imechaguliwa kwa sababu ndani yake tunauona mkono wa kuzuia ukibadilika sura. Mara ya kwanza ulikuwa ni mkono wa Sultani, mara ya pili wa mkoloni, na mara ya tatu wa mwenye fedha. Mwisho wa makala tutauangalia mkono wa nne, ambao uko karibu nasi zaidi kuliko hiyo mitatu.

Babu: Sheikh Ali bin Abdalla na Sayyid Barghash

Sheikh Ali bin Abdalla bin Nafi' al-Mazrui alizaliwa mwaka 1825, wakati ukoo wake ulipokuwa bado unatawala Mombasa. Alikuwa mtoto pale Sayyid Said bin Sultan alipoumaliza utawala huo mwaka 1837. Alisoma Makka, akarejea Mombasa akiwa mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Imam Shafii, akadarisisha na kuandika. Miongoni mwa aliyoyashughulikia ni mas-ala ya itikadi ambayo Masunni na Maibadhi wamekhitilafiana tangu zamani.

Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, hakulistahamilia jambo hilo. Alimtia Sheikh Ali gerezani. Sheikh alitoka baada ya Barghash kufariki mwezi wa Machi 1888, pale Sayyid Khalifa bin Said alipokalia kiti na kumfungua. Aliishi miaka sita mingine, akafariki mwaka 1894.

Tukiishia hapo tutakuwa hatukufanya insafu. Barghash huyu huyu ndiye aliyeleta matbaa ya Kiarabu Unguja. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 ilianza kazi matbaa iliyojulikana kwa jina la al-Matbaa al-Sultaniyya, na humo vikapigwa chapa vitabu vikubwa vya Kiibadhi ambavyo kabla ya hapo mtu hakuweza kuvipata ila kwa kunakili kwa mkono. Zilitoka juzuu za Qamus al-Sharia ya Sheikh Jumayyil bin Khamis al-Saadi wa Oman, kitabu chenye juzuu 90 kwa ukamilifu wake. Ilitoka pia Himyan al-Zad, tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish, mwanachuoni wa Mzab, Algeria. Mzab ilitwaliwa na Ufaransa mwaka 1882. Kwa hivyo, wakati nchi ya mwandishi ikiingia chini ya bendera ya kigeni, kitabu chake kilikuwa kikipigwa chapa kwa gharama ya Sultani wa Unguja, maelfu ya maili kutoka kwao.

Basi Barghash alikuwa nani mbele ya kitabu: mkombozi au mfungaji? Alikuwa yote mawili, na hapa ndipo lilipo somo la kwanza. Unguja ya wakati ule ilikuwa na makadhi wa Kiibadhi na makadhi wa Kishafii wakihukumu katika mji mmoja. Haikuwa nchi ya watu wasioweza kuishi pamoja. Lakini matbaa hiyo ilikuwa ya mtawala. Gereza nalo lilikuwa lake. Mwenye kumiliki vyote viwili ndiye aliyeamua ni hoja gani itoke juzuu kwa juzuu na ni hoja gani ikakae gizani. Wasomaji wa pande zote mbili, Maibadhi na Masunni, hawakuwa na kauli katika uamuzi huo.

Mwana: Sheikh al-Amin na karatasi ya kila wiki

Babake alipofariki, Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891, alikuwa bado mtoto mdogo. Alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali al-Mazrui. Alipokuwa mtu mzima alikuwa msomaji mkubwa wa majarida ya Misri, khasa al-Manar la Sheikh Rashid Rida wa Cairo. Humo aliona kwamba jarida dogo linalosafiri kwa posta laweza kufika pasipofika mwalimu.

Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, karatasi ndogo ya kila wiki kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1932 akatoa gazeti la al-Islah kwa Kiarabu na Kiswahili. Aliandika juu ya elimu ya watoto wa kike, gharama za arusi na matanga, uvivu, umoja wa Waislamu, na hali ya watu wa mwambao waliokuwa wakiachwa nyuma katika nchi yao wenyewe. Baadhi ya makala yale yalikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi, ambacho kinasomwa hadi leo. Baadaye, mwaka 1937, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akabaki katika kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1947.

Zama zake hazikuwa tena za Sultani kumtia mwanachuoni gerezani kwa mas-ala ya itikadi. Mwingereza hakuwa na haja na khitilafu hizo. Yeye alikuwa na vifaa vingine: magazeti kuandikishwa serikalini, na kifungu cha sheria kuhusu uchochezi, yaani maandishi yanayodaiwa kuamsha chuki dhidi ya Serikali. Kifungu hicho ni kipana kwa makusudi. Hakimkatazi mtu kuandika juu ya jambo fulani linalojulikana. Kinamwacha mwandishi ajikisie mwenyewe mpaka uko wapi. Mwenye kuogopa huukaza kuliko hata sheria inavyotaka.

Jirani zetu wa Unguja waliuona ukali wa kifungu hicho mwaka 1954. Gazeti la al-Falaq, lililokuwa likitolewa na Jumuiya ya Waarabu tangu 1929, lilichapisha mfululizo wa makala ya kuushambulia utawala wa Kiingereza. Serikali haikumshitaki mwandishi peke yake. Iliwashitaki wajumbe wote wa kamati kuu ya Jumuiya, wakapatikana na hatia ya uchochezi. Jawabu ya Jumuiya ilikuwa ni kususia Baraza la Kutunga Sheria. Maandishi ya kurasa chache yakawa yamebadilisha mwendo wa siasa za nchi nzima.

Herufi zilizofungwa

Kuna njia nyingine ya kuzuia kusoma isiyohitaji polisi wala mahakama, nayo ni kubadilisha herufi. Kwa karne nyingi Waswahili waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu: tenzi, barua, hati za mashamba, wasia, dawa na hesabu za biashara. Skuli za serikali za kikoloni zikaleta herufi za Kirumi. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki. Miongoni mwa kazi za Kamati hiyo ilikuwa kuvipitia vitabu vya skuli na kuvipa idhini kwa upande wa lugha. Kitabu kisichokuwa na idhini kilikuwa na njia nyembamba sana ya kuingia darasani.

Tusiseme kwamba herufi za Kirumi hazikuwa na faida. Ziliwafungulia kusoma mamilioni ya watu wa bara ambao hawakupita chuoni, na makala haya yenyewe yameandikwa kwa herufi hizo. Herufi za Kiarabu nazo zilikuwa na dosari zake kwa Kiswahili, kwani hazina alama za kutosha kwa sauti kama p, v, ch na g. Wanavyuoni wa Mombasa, Sheikh al-Amin akiwa miongoni mwao, walilijua hilo na walijaribu kuongeza alama ili dosari hizo ziondoke. Jambo lililofanyika ni kwamba herufi moja ilipewa skuli, kazi na mitihani, na ya pili ikaachiwa chuoni na nyumbani.

Natija yake tunaiona wenyewe huku ughaibuni. Barua aliyoandika bibi yetu kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu ikifika Maskati leo, mjukuu wake anaweza kuzisoma herufi lakini pengine haijui lugha. Barua hiyo hiyo ikifika London, mjukuu mwengine anaijua lugha lakini hawezi kuzisoma herufi. Hapana aliyeipiga marufuku. Hata hivyo imefungwa kwa wote wawili, na haitafunguka mpaka wakae pamoja, mmoja atamke na mwenziwe afahamu.

Kitabu kujibiwa kwa kitabu

Hapa inafaa tusimame kidogo tuangalie namna watu wetu walivyokabiliana na kitabu wasichokipenda, maana hapa pana fakhari ya kweli. Mwaka 1923 ilitoka tafsiri ya kwanza kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili. Mfasiri alikuwa Padri Godfrey Dale wa misheni ya Kiingereza ya UMCA, Unguja, na maelezo yake yaliandikwa kwa jicho la Kikristo. Mwaka 1953 ikatoka tafsiri ya Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi wa jumuiya ya Ahmadiyya. Masheikh wa mwambao hawakuridhika na tafsiri hizo mbili, na hawakulificha hilo.

Walifanya nini? Sheikh al-Amin alianza kuandika tafsiri yake mwenyewe. Mauti yalimkuta hajaimaliza. Sehemu yake ilipigwa chapa miaka mingi baadaye kwa juhudi za mwanafunzi na jamaa yake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui. Naye Sheikh Abdalla Saleh Farsy wa Unguja aliandika Qurani Takatifu, iliyotoka kamili Nairobi mwaka 1969, na ambayo imo katika majumba ya Waswahili kutoka Lamu hadi Toronto. Katika maelezo yake Sheikh Farsy amewajibu waliomtangulia pale alipoona wamekosea.

Lau wanavyuoni wetu wangelitosheka na kutaka tafsiri ya Dale ikusanywe ichomwe moto, pengine wangelipata tafsiri chache za kuchoma na wasingelipata tafsiri ya kusoma. Waliisoma, wakaona ilipopotoka, wakashika kalamu. Faida ya mzozo ule imebaki kwetu: tuna tafsiri yenye ilimu ya watu wetu wenyewe, na mwenye kutaka kulinganisha anaweza kulinganisha.

Sheria ya mkoloni mkononi mwa mwananchi

Uhuru ulipokuja, wengi walidhani kifungu cha uchochezi kitaondoka pamoja na bendera. Hakikuondoka. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi?, akihoji namna serikali ya chama cha KANU ilivyokuwa ikikibana chama cha upinzani cha KPU. Alikuwa na umri wa miaka 22. Mwaka 1969 alihukumiwa kwa uchochezi, akafungwa miaka 3, sehemu kubwa yake akiwa peke yake.

Gerezani alinyimwa karatasi za kuandikia. Akaandika mashairi kwa siri juu ya karatasi za chooni, na mashairi hayo yakatolewa nje. Yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata kitabu kikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mwandishi. Abdilatif aliondoka Kenya baada ya kutoka gerezani mwaka 1972, akaishi na kufanya kazi Dar es Salaam, kisha London, kisha Leipzig nchini Ujerumani. Tunamtaja hapa kwa sababu ni mtoto wa mji ule ule wa Sheikh Ali na Sheikh al-Amin, na kwa sababu kisa chake chaonyesha kwamba sheria ya kuzuia maneno haiulizi rangi ya anayeishika. Ikiwapo tu, atatokea wa kuitumia.

Mjukuu: Profesa Ali Mazrui na mfuko wa fedha

Ali al-Amin Mazrui, mwana wa Sheikh al-Amin, alizaliwa Mombasa mwaka 1933, akapewa jina la babu yake aliyefungwa na Barghash. Alisomesha Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, mpaka utawala wa Idi Amin ulipomfanya aondoke mwaka 1973, akahamia Marekani. Mwaka 1986 ilionyeshwa filamu yake ya televisheni ya sehemu 9, The Africans: A Triple Heritage, iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa BBC na kituo cha WETA cha Washington. Humo alieleza kwamba Afrika imerithi mambo matatu: asili yake yenyewe, Uislamu, na Magharibi. Msomaji wa jarida hili atatambua mara moja kwamba wazo hilo halikutoka hewani; huo ndio mji wa Mombasa alimozaliwa.

Shirika la serikali ya Marekani la kusaidia elimu ya fasihi na historia, NEH, lilikuwa limechangia kiasi cha dola 600,000 katika filamu hiyo. Mwenyekiti wake, Lynne Cheney, alipoiona alikasirika. Alisema ni mashambulizi dhidi ya Magharibi, akataka jina la shirika liondolewe katika filamu. Jina likaondolewa.

Ni lazima tupime maneno yetu hapa. Filamu haikupigwa marufuku. Ilionyeshwa, ilizungumzwa, na kitabu chake kikauzwa. Profesa hakulala gerezani hata usiku mmoja, na baina ya hali yake na hali ya babu yake pana masafa marefu. Mwenyekiti naye alikuwa na haki ya kusema hakupendezwa. Kulaumu kitabu si kukizuia. Lakini wenye kutengeneza vipindi na kuandika vitabu walifahamishwa kitu: atakayefuata na kuomba fedha aangalie ataudhi nani. Mkono wa fedha haufungi mlango uliokwisha funguliwa. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba milango mingine haijengwi. Na huo ni mgumu kuupinga, kwa sababu kitabu ambacho hakikuandikwa hakina mtu wa kukililia.

Profesa Mazrui alifariki Marekani mwezi wa Oktoba 2014, akarejeshwa Mombasa na kuzikwa katika makaburi ya ukoo wake, karibu na Ngome.

Mkono wa nne

Tumeona mikono mitatu. Wa nne ni wetu sisi wenyewe, nao hufanya kazi yake kimya kimya, katika wiki baada ya matanga.

Mzee amefariki Maskati, Dubai, Portsmouth au Mombasa. Ameacha kabati la vitabu na sanduku la karatasi. Jamaa wanakuja kugawa. Qur'ani na hadithi zinapelekwa msikitini. Vitabu vya madhehebu nyingine vinawekwa kando kwa kuwa "vitawachanganya watoto". Magazeti ya siasa ya kabla ya mwaka 1964 yanatupwa kwa kuwa yanakumbusha machungu, au kwa kuwa mjomba wa upande wa pili ametajwa ndani yake kwa ubaya. Barua ambazo hapana aliyeweza kuzisoma zinatiwa mfukoni na kutolewa nje. Kwa siku moja, na kwa nia njema kabisa, ukoo umefanya kazi ambayo ingelimpa taabu mkaguzi wa Serikali.

Tena hasara hii ni mbaya zaidi kuliko ile ya gerezani. Mashairi ya Abdilatif yalitoka kwa sababu palikuwa na mtu wa kuyatoa. Historia ya ukoo wa Mazrui aliyoiandika Sheikh al-Amin kwa Kiarabu ilibaki bila ya kupigwa chapa wakati wa uhai wake, lakini kwa kuwa nakala yake ilihifadhiwa, ilitoka pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995, miaka 48 baada ya kufa kwake. Kilichozuiliwa kwa amri huweza kurudi siku amri ikiondoka. Kilichotupwa na wenyewe hakirudi.

Basi, ndugu msomaji, likikufikia jukumu la kugawa kabati kama hilo, usianze kwa kuuliza kipi kinafaa na kipi hakifai. Anza kwa kuandika orodha ya vyote, pamoja na jina la mwenyewe na mji aliokaa. Piga picha kurasa za mwanzo na maandishi ya pembeni, kwa sababu mara nyingi pembeni ndiko kulikoandikwa tarehe ya kuzaliwa mtoto au ya kufika chombo. Usitenganishe vya Kishafii na vya Kiibadhi. Mzee aliviweka pamoja, na kule kuviweka pamoja kwenyewe ni taarikh. Usichoweza kukisoma, mtafute anayeweza. Na kama nyumbani hapana nafasi, ziko maktaba zinazohifadhi maandishi ya Kiswahili cha herufi za Kiarabu, zikiwemo Nyaraka za Taifa Zanzibar, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na SOAS mjini London.

Kumwachia msomaji wa kesho kitabu tusichokubaliana nacho si kukikubali. Ni kumwamini tu kwamba naye ana akili ya kusoma, kupima na kujibu, kama walivyofanya masheikh wetu waliposhika kalamu. Sheikh Ali bin Abdalla alifungwa, na mwanawe akaandika. Hilo liliwezekana kwa sababu vitabu vya nyumba ile havikutoka nje na babake.